Kutafuta Kosa: Somo Tulipatalo kwa Kompyuta Isiyowaka

Katika vyuo vyetu mwanachuo hufundishwa kwa bidii namna ya kuandaa somo, namna ya kulianza, namna ya kuuliza maswali na namna ya kulifunga. Hafundishwi sana namna ya kutafuta kosa. Hufundishwa kulitambua kosa, kulitia alama nyekundu na kulihesabu. Lakini kulifuata hatua kwa hatua mpaka pale lilipozaliwa ni jambo aachiwalo alipate mwenyewe kwa uzoefu, na wako wasiolipata kamwe. Maoni yetu ni kwamba upungufu huu ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, na kwamba chombo kimoja ambacho sasa kimeingia majumbani na katika baadhi ya shule zetu, yaani kompyuta, chaweza kutusaidia kuuondoa. Wala hatusemi kompyuta nzima ifanyayo kazi vizuri. Twasema ile ikataayo kuwaka.

Kompyuta ya nyumbani inapokataa kuwaka, watu wengi hutamka neno moja tu: imekufa. Hufunikwa kwa kitambaa, hupelekwa stoo, na akiba ya mzazi aliyeinunua hulala hapo pamoja na barua, hesabu na picha zilizomo ndani yake. Ajabu ni kwamba neno hilo moja hutumika kwa hali nyingi zisizofanana hata kidogo. Mashine isiyotoa hata mwanga wa taa huitwa imekufa. Ile ambayo feni lake linazunguka ilhali kioo ni cheusi huitwa vivyo hivyo. Na ile inayoandika maneno kwenye kioo kisha ikasimama, nayo huhesabiwa miongoni mwa maiti. Aliyetumia neno moja kwa mambo matatu amekwisha jizuia kufikiri. Na sisi walimu tunalo neno letu la namna hiyohiyo. Twasema: mtoto huyu hajui hesabu.

Mnyororo wa kuamka

Ili kutafuta kosa, hapana budi kwanza kujua kazi inavyokwenda pasipo kosa. Kompyuta haiwaki kwa mara moja kama balbu. Huamka kwa hatua, na kila hatua hutegemea ile iliyoitangulia.

Hatua ya kwanza ni umeme. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230, nao hubadilisha mwelekeo wake mara kwa mara. Sehemu za ndani za kompyuta haziwezi kuutumia ulivyo. Kwa hiyo, katika kompyuta ya mezani, limo sanduku dogo la chuma, ambalo mafundi huliita pawasaplai, lenye kazi ya kuugeuza uwe umeme wa mwelekeo mmoja, wa volti 12, 5 na 3.3. Sanduku hilo likisharidhika kwamba umeme wake umetulia, hupeleka ishara kwenye ubao mkuu, yaani mazabodi. Kabla ya ishara hiyo, ubongo wa mashine huzuiwa usianze.

Hatua ya pili ni ya ajabu kidogo, na yafaa tuitazame vema. Programu kubwa iendeshayo kompyuta imehifadhiwa katika diski. Lakini ili diski isomwe, yahitajika programu ya kuisoma. Ikiwa programu hiyo nayo imo ndani ya diski, itasomwa na nani? Hapa ndipo wasemao Kiingereza walipolifananisha tendo la kuamsha kompyuta na mtu ajinyanyuaye kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe. Fumbo hili lilifumbuliwa kwa kuweka programu fupi katika kidude kilichopachikwa kwenye ubao mkuu, ambacho hakisahau hata umeme ukizimwa. Ubongo wa mashine huanza kwa kuisoma programu hiyo.

Hatua ya tatu ni mashine kujikagua. Programu ile fupi huuliza: je, kumbukumbu ya muda ipo? Je, kioo kipo? Je, kibodi ipo? Ikikuta kasoro kabla kioo hakijaweza kuonyesha maandishi, kompyuta nyingi za mezani hulia kwa milio. Katika kompyuta ya IBM iliyotolewa mwaka 1981, ambayo mashine nyingi za baadaye zilifuata mpango wake, mlio mmoja mfupi ulimaanisha kwamba mambo ni mazuri. Mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ulielekeza kwenye sehemu ishughulikiayo kioo. Watengenezaji wengine wana hesabu yao wenyewe ya milio, na mashine nyingi za sasa hutumia vitaa badala ya sauti. Kwa hiyo mtafutaji hana budi kukisoma kitabu cha mashine iliyo mbele yake, wala si cha mashine ya jirani.

Hatua ya nne ni kuitafuta diski yenye programu kubwa, kwa kufuata orodha iliyowekwa. Hatua ya tano ni programu hiyo kupakiwa katika kumbukumbu na kuchukua uongozi. Ni hapo tu ndipo mwenye kompyuta aionapo ile sura aliyoizoea, akasema, sasa imewaka.

Kusoma dalili

Mtu aliyeujua mnyororo huu hana haja ya kubahatisha. Dalili humwambia kiungo gani kimekatika.

Ikiwa hakuna taa wala sauti, shaka iko katika hatua ya kwanza. Hapo haifai kukimbilia bisibisi. Chomeka taa ya mezani katika soketi ileile: je, inawaka? Ikiwa haiwaki, kompyuta haina kosa. Ikiwa inawaka, tazama fyuzi iliyomo ndani ya plagi, kisha waya, kisha ekstensheni, kisha swichi ndogo iliyo nyuma ya mashine, ambayo mara nyingi huzimwa na mfagiaji pasipo kujua. Kwa kompyuta mpakato, ondoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki uishe, kisha irudishe chaja na kujaribu tena.

Ikiwa feni linazunguka ilhali kioo ni cheusi, kwanza hakikisha kwamba kioo chenyewe kimepata umeme na kwamba waya wake haukulegea. Baada ya hapo, shaka kubwa huiangukia kumbukumbu ya muda, yaani vile vibao vyembamba vilivyopachikwa katika ubao mkuu. Joto la mchana na baridi ya usiku hulegeza, na vumbi huingia. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma kisicho na rangi ili umeme uliomo mwilini mwako ushuke, toa vibao, safisha meno yao taratibu kwa raba laini, kisha rudisha kimoja kimoja ukijaribu kila mara. Mashine nyingi zilizoitwa maiti zimefufuka kwa raba ya mwanafunzi.

Ikiwa maandishi yanaonekana lakini saa na tarehe zimerudi miaka mingi nyuma, mshukiwa ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu. Aghalabu ni ile iitwayo CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuitunza saa wakati mashine imezimwa, na katika mashine nyingi za zamani hutunza pia ile orodha ya diski. Ikiisha nguvu, kompyuta husahau, na yaweza kuitafuta programu mahali isipokuwapo. Dawa yake ni betri mpya na kuipanga orodha upya.

Ikiwa mashine yasema kwamba haikuona programu ya kuiendesha, tazama kwanza kama kuna flashi iliyosahauliwa imechomekwa. Iondoe, ujaribu tena. Kisha tazama waya wa diski. Lakini ukisikia diski ikigonga tik, tik, tik, acha mara moja. Diski ya namna hiyo inakaribia kufa kweli, na kila unapoiwasha unaweza kuipunguzia maisha. La kwanza si kuitengeneza, bali ni kuokoa yaliyomo.

Ikiwa mashine inaamka vizuri kisha ikajizima baada ya dakika chache, fikiria joto. Vumbi likijaa katika feni, ubongo wa mashine hupata moto, nao hujizima ili usiungue. Brashi laini na subira vyatosha mara nyingi.

Na ikiwa programu kubwa inaanza kisha inasimama au inarudia mwanzo bila kikomo, swali la kuuliza ni: nini kilibadilika mara ya mwisho? Programu gani iliongezwa? Mashine nyingi zina njia ya kuamka kwa tahadhari, zikipakia yale ya lazima tu, ili mwenyewe apate kuliondoa lile lililoleta fujo.

Twatoa onyo moja. Pawasaplai isifunguliwe na asiye fundi. Ndani yake zimo kapasita ziwezazo kushika umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Kuijua mipaka ya mkono wako ni sehemu ya ujuzi.

Kanuni za mtafuta kosa

Katika maelezo hayo, mwanachuo makini atakuwa amekwisha ona kanuni chache ambazo si za kompyuta peke yake.

Kanuni ya kwanza: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha waya, betri na kumbukumbu kwa pamoja, mashine ikawaka, hatajua kilichoiponya. Na isipowaka, hatajua kama hakuongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Jaribio lisilofaa lirudishwe lilivyokuwa kabla ya kufanya jingine.

Kanuni ya pili: anza na lililo rahisi na la gharama ndogo. Kutazama plagi ni bure.

Kanuni ya tatu: ukiweza, anza katikati ya mnyororo. Tuchukue mnyororo wenye viungo 16, kimoja kikiwa kibovu. Atakayevijaribu kimoja kimoja toka mwanzo aweza kufanya majaribio 15 kabla ya kujua. Atakayeuliza kila mara, je, ubovu uko upande huu au upande ule, atabakiwa na viungo 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Majaribio 4 yamemtosha. Katika kompyuta, swali la katikati ni hili: je, maandishi au alama ya mtengenezaji yanaonekana kwenye kioo? Yakionekana, umeme, ubongo, kumbukumbu na kioo vyaelekea kuwa vizima, na macho yageukie diski na programu.

Kanuni ya nne: andika. Dalili uliyoiona, jambo ulilolibadilisha, na matokeo yake. Kumbukumbu ya mtu aliyekasirikia mashine haiaminiki.

Kanuni ya tano: usitibu kosa dogo kwa hasara kubwa. Wapo wakimbiliao kuifuta diski nzima na kuanza upya. Mashine huwaka, lakini kazi ya miaka imepotea, na pengine kosa lilikuwa flashi iliyosahauliwa.

Kutoka mashine hadi darasa

Sasa tuingie darasani. Mwanafunzi wa darasa la tatu amepewa hesabu nne za kutoa, naye amejibu hivi: 52 kutoa 27 ni 35, 83 kutoa 46 ni 43, 71 kutoa 38 ni 47, 68 kutoa 25 ni 43. Mwalimu mwenye haraka hutia mikasi mitatu na vema moja, akaandika: jitahidi zaidi. Lakini mtoto huyu amejitahidi. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa, bila kujali ipi iko juu. Katika 52 kutoa 27 ameona 2 na 7, akatoa 2 katika 7 akapata 5. Hesabu ya mwisho ameipata kwa sababu tarakimu za juu zilikuwa kubwa katika safu zote mbili. Yeye hakubahatisha; anafuata kanuni moja kwa uaminifu mkubwa, ila kanuni yenyewe ni mbovu. Mnyororo wake ni mzima isipokuwa kiungo kimoja: kukopa katika makumi.

Mwalimu afanyeje kuhakikisha? Afanye kama mtafuta kosa. Ampe mtoto hesabu ya tano, 94 kutoa 58, na kabla mtoto hajaandika, yeye mwenyewe atabiri jibu. Ikiwa shaka yake ni ya kweli, mtoto ataandika 44 badala ya 36. Akiandika 44, kosa limepatikana, na somo la kulitengeneza laweza kuanza kwa vijiti na mafungu ya kumi kumi. Akiandika jingine, shaka ilikuwa potofu, na mwalimu atafute tena. Mazoezi ishirini mengine ya kutoa yasingemsaidia mtoto huyo. Yangemzoeza kosa lake.

Jambo hili si dhana yetu tu. Mwaka 1978 huko Marekani, John Seely Brown na Richard Burton walichapisha uchunguzi wao juu ya makosa ya watoto katika hesabu. Walionyesha kwamba majibu mengi yaonekanayo kama ya ovyo hufuata kanuni zilizo imara, zenye kasoro ndogo, kama programu ya kompyuta yenye kosa. Waliunda programu iliyoitwa BUGGY, iliyojifanya mwanafunzi mwenye kosa fulani, na walimu wanafunzi wakatakiwa kuligundua kwa kuipa hesabu na kutazama majibu yake. Tazameni jinsi mambo yalivyopinduka: mashine ilikosea kwa makusudi ili mwalimu ajifunze kuyasoma mawazo ya mtoto.

Pingamizi

Tutaambiwa kwamba kutengeneza kompyuta ni kazi ya fundi, si ya mwalimu. Ni kweli. Lakini hatumtaki mwalimu awe fundi; twataka aweze kumwambia fundi dalili, na asilipie fyuzi kwa bei ya ubao mkuu. Zaidi ya hayo, twataka apate tabia ya akili ambayo fundi mzuri anayo.

Tutaambiwa kwamba shule nyingi za msingi hazina kompyuta, na nyingine hazina umeme. Hili nalo ni kweli, na hatulidharau. Lakini somo halihitaji kompyuta. Tochi yatosha. Ina betri, balbu, swichi na vibati vya kupitishia umeme. Mwalimu na aichafue kimoja kwa siri, awagawe wanafunzi wa darasa la tano katika makundi, awape betri na balbu zilizo nzima za kulinganishia, na awaamuru kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuandika. Kundi litakaloiwasha tochi kwa bahati lisipewe sifa mpaka lieleze kosa lilikuwa wapi na limejuaje. Palipo na kompyuta iliyolala stoo, na itolewe. Ni kifaa cha kufundishia, hata kabla haijawaka.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Mtoto si mashine. Kompyuta haioni aibu unapoifungua mbele ya wenzake, mtoto huona. Kompyuta haina njaa, haikuamka alfajiri kuchota maji, wala haikufiwa. Twalikubali pingamizi hili kabisa, na twaongeza kwamba mnyororo wa mtoto huanzia nje ya darasa. Mtoto asiyesoma ubaoni pengine haoni vizuri, na jaribio la bei ndogo ni kumhamisha dawati kabla ya kuyahukumu maarifa yake. Lakini kutokuwa mashine kwamfanya mtoto astahili uangalifu zaidi. Ikiwa twaona haya kuitupa kompyuta kabla ya kuitazama plagi, yatupasaje kumkatia tamaa mwana wa mtu kwa alama moja kati ya nne?

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilidai kwamba shule zimjenge mtoto awe na akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Udadisi hauwezi kufundishwa na mwalimu ambaye, mbele ya kila kilichokwama, husema kimekufa. Mtoto hujifunza zaidi yale amwonayo mwalimu akiyafanya kuliko yale amsikiayo akiyasema. Akimwona mwalimu ameinama juu ya chombo kibovu, hana hasira, anauliza swali moja kwa wakati mmoja na kuliandika jibu lake, mtoto huyo amepata somo lisilo katika kitabu chochote cha kiada.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili yaliyo katika uwezo wa chuo chochote. Kwanza, kila mwanachuo, kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, apewe chombo kimoja kibovu, kiwe kompyuta, redio au tochi, naye aandike taarifa ya namna alivyolitafuta kosa, hata kama hakulipata. Pili, akiwa mazoezini, achukue daftari la mwanafunzi mmoja aliyeshindwa, aandike taarifa ya namna hiyohiyo: dalili, shaka, jaribio, matokeo. Mkufunzi na azisahihishe taarifa hizo mbili pamoja, kwa kipimo kimoja. Hapo tutajua kama tumempata mwalimu anayetia alama tu, au mwalimu anayetafuta.